Kinachoacha madoa kwenye meno ni asidi ya kubandikia vyuma, gundi, au uvivu wa mswaki?

#1 Babake Salma
Wakuu, habari za wakati huu.

Binti yangu ana miaka 13. Meno ya mbele yamepandana, daktari ameshauri afungwe vyuma. Mimi sina tatizo na hilo, tatizo ni shemeji yangu. Yeye alishafungwa, akavuliwa, na sasa anasema nisithubutu. Anadai kabla ya kubandika wanapaka jino asidi, asidi inakula enameli (lile gamba gumu la nje la jino), na enameli ikishaliwa hairudi. Akatuonyesha na ushahidi: meno yamenyooka safi, lakini yana madoa meupe yanayozunguka kama fremu, na katikati ya fremu jino halina neno. Unaona kabisa chuma kilikaa wapi.

Swali: madoa hayo yametokana na nini hasa? Na kuna namna ya kubandika bila kuumiza jino? Naomba waliopitia au wanaofanya kazi hiyo. "Nimesikia" ninazo za kutosha hapa nyumbani.

#2 Kiti cha Mbele
Nasubiri wajuzi. Mimi meno yangu yalijipanga yenyewe kwa kumwogopa mama.

#3 Chuma Chakavu
Shemeji yako hajakosea. Asidi ni asidi. Ingekuwa haina madhara wasingehangaika kuweka makinga mdomoni wakati wa kuipaka. Mwache mtoto na meno yake, kupandana si ugonjwa.

#4 Msaidizi wa Daktari
Mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa kiti, nafyonza mate na kukabidhi vifaa, kwa hiyo nieleze ninachokiona.

Kwanza jino linasuguliwa kwa unga wa pumisi usio na mafuta ili ukoga utoke. Midomo inatanuliwa kwa plastiki, pamba zinawekwa, mrija unavuta mate. Ndipo inakuja asidi ya fosforiki ya asilimia 37, kwa kawaida ni jeli yenye rangi ili daktari aone imeishia wapi. Inakaa sekunde 15 hadi 30. Inaoshwa kwa maji mengi, jino linakaushwa kwa hewa mpaka linapauka weupe wa chaki. Weupe huo ndio tunaoutafuta, maana uso wa jino umepata vitundu vidogo mno ambamo gundi nyepesi itaingia na kushika. Baada ya hapo braketi (kile kipande kinachobeba waya) inawekwa na gundi nzito, inasukumwa hadi mahali pake, gundi iliyotoka pembeni inafutwa, kisha taa ya bluu inaigandisha.

Kinachoondoka juu ni kama mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Vitundu vinaingia ndani zaidi kidogo. Enameli ya kwenye ncha za magego inapita milimita 2. Ya meno ya mbele ni nyembamba kuliko hiyo, lakini bado asidi hii haimalizi jino. Na hayo makinga, mkuu #3, ni kwa ajili ya fizi, na zaidi kwa ajili ya mate. Mate yakigusa jino lililokwisha kupauka, gundi haishiki na kazi inaanza upya.

#5 Chuma Chakavu
Sehemu moja ya mia nayo ni hasara. Umekubali hairudi au hujakubali?

#6 Msaidizi wa Daktari
Enameli yenyewe haiwezi kuota tena. Seli zilizoijenga zinapotea jino linapochomoza. Lakini madini yanatoka na kurudi kila siku kupitia mate, kwa wenye vyuma na wasio navyo. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#7 Mzee wa Nyaraka
Niongeze historia kidogo. Asilimia 37 ni ya siku hizi. Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, Marekani, alipochapisha wazo hili mwaka 1955 alikuwa ametumia asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30. Nia yake ilikuwa vijazio vishike, hakuwa anapanga meno ya mtu. George Newman ndiye aliyeandika mwaka 1965 juu ya kubandika vifaa vya kupangia meno moja kwa moja kwenye enameli, kwa gundi ya epoksi.

Kabla ya hapo kila jino lilivishwa mkanda wa chuma kuzunguka lote, ukashikizwa kwa simenti. Simenti ikiyeyuka chini ya mkanda, ukoga unaingia na hakuna anayeuona. Mkanda ukitolewa ndipo jino linakutwa limeoza. Kwa hiyo mnaoilaani asidi mjue ilikuja kuondoa balaa gani.

#8 Pima Kwanza
Hebu tumsome vizuri mleta mada. Anasema katikati ya fremu jino ni safi na madoa yako nje. Asidi ilipakwa wapi? Katikati, chini ya braketi! Kama asidi ndiyo mkosaji, doa lingekuwa pale braketi ilipokaa na pembeni pangekuwa salama. Hapa ni kinyume chake. Shemeji ameleta ushahidi unaomgeuka mwenyewe.

#9 Kiti cha Mbele
Kesi imefungwa dakika chache tu baada ya kufunguliwa 😂

#10 Bi Tabasamu
Haijafungwa. Mimi nilifungwa vyuma na niliangalia kwenye kioo cha taa. Ile jeli ilitandazwa karibu uso wote wa jino, haikuishia pale braketi ilipokuja kukaa. Kwa hiyo chini ya braketi asidi ilifunikwa na gundi, pembeni ikabaki jino lililochubuliwa bila kinga. Hiyo inaelezea fremu vizuri tu.

#11 Pima Kwanza
#10 hoja nzuri. Msaidizi, hili linatokea?

#12 Msaidizi wa Daktari
Jeli kutandaa inatokea, hasa mkono ukiwa na haraka. Lakini eneo lililopauka na kuachwa wazi huwa linarudi kung'aa, mate yanalijaza madini. Madaktari wengi pia hupitisha gundi nyepesi hadi nje kidogo ya mpaka wa braketi. Madoa ya fremu kwa ninavyojua ni ya ukoga. Braketi inaweka vikorido ambavyo mswaki haufiki, bakteria wanakula sukari na kutoa asidi yao wenyewe, na hapo hakuna wa kuiosha baada ya sekunde 30. Hali ikishuka chini ya pH 5.5 hivi (kipimo cha ukali wa asidi, kikishuka asidi imezidi), enameli inaanza kupoteza madini. Doa jeupe linaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu tangu kufungwa.

#13 Mama Watatu
Sasa mbona wanangu wawili walifungwa na daktari yuleyule, gundi ileile, nyumba moja, mama mmoja anayepiga kelele ileile ya mswaki, na mmoja ametoka safi mwingine ana madoa? Na mwenye madoa ndiye anayepiga mswaki zaidi. Mtaniambia ni uvivu?

#14 Pima Kwanza
Mama, mate. Mwenye mate machache au mazito anaumia haraka kuliko mwenye mate mengi. Uliza kama anapumua kwa mdomo usiku, mdomo unakauka.

#15 Mama Watatu
Anakoroma kama trekta. Sitasema ni yupi maana wote wanasoma humu.

#16 Mdomo Wazi
Nyote mnachunguza mwanzo, hasara iko mwisho. Siku ya kuvuliwa ndiyo siku ya kuogopa. Mimi niliwekewa braketi za kauri kwa sababu hazionekani. Kuzitoa zikagoma, moja ikapasuka, kipande kikabaki kwenye jino, ikabidi kisagwe. Kisha gundi iliyobaki ikasagwa kwa keekee, na hadi leo nikipiga ulimi jino moja halina ulaini wa mengine. Hayo hamkuambiwa na asidi wala mswaki.

#17 Mzee wa Nyaraka
#16 amegusa penyewe. Kauri haipindi. Braketi ya chuma ukiibana kwa koleo inajikunja na kubanduka, kauri inahamishia nguvu yote kwenye gundi na jino. Ndiyo maana zipo zinazotengenezwa makusudi ziachie kwa urahisi.

Mtafiti Reynolds aliandika mwaka 1975 kwamba mshiko wa megapaskali 6 hadi 8 (kipimo cha nguvu kwa eneo) unatosha kwa kazi ya kupanga meno. Ukipita mno hapo hufungi vizuri zaidi, unatafuta kung'oa enameli siku ya kuvua. Na kuna kipimo cha watafiti Årtun na Bergland cha mwaka 1984, kinatoa alama 0 hadi 3 kwa gundi inayobaki kwenye jino baada ya braketi kutoka. 0 ni hakuna kilichobaki, 3 ni imebaki yote na alama ya kitako cha braketi inasomeka juu yake.

#18 Chuma Chakavu
Kwa hiyo 0 ndiyo nzuri, jino linabaki safi.

#19 Mzee wa Nyaraka
Wengi wanadhani hivyo. Gundi ikibaki yote kwenye jino maana yake mpasuko umetokea kati ya gundi na chuma, mbali na enameli. Gundi ikitoka yote na braketi, mpasuko umepita mpakani kabisa mwa jino, na ikiwa siku mbaya inaondoka na chembe ya enameli. Kubaki kwa gundi ni usalama. Lakini kila kilichobaki lazima kisagwe, na hapo tunarudi kwenye keekee ya #16. Wapo madaktari wanaopenda hili, wapo wanaopenda lile.

#20 Msaidizi wa Daktari
Keekee zina tabaka zake. Ya tangsteni kabaidi iliyotengenezwa kwa kumalizia, kwa mwendo wa chini, kwa mkono mwepesi, haimkwaruzi mtu sana, halafu diski laini, mwisho pumisi. Ya almasi kwa kazi hiyo ni ukatili. Kuna ubishi mwingine wa chini kwa chini: ukitumia maji jino halipati joto, lakini maji yanafanya gundi ifanane na jino usione unaposaga. Bila maji unaona vizuri, lakini joto linapanda. Daktari ninayefanya naye kazi anasaga kwa vipindi vifupi huku napuliza hewa. Nimewahi kufanya kazi na mwingine asiyesikia la mtu.

#21 Bi Tabasamu
Basi kwa nini wasitumie gundi dhaifu kidogo? Ikiachia yenyewe hakuna kusaga wala kung'oa.

#22 Fundi Saa
Ipo. Simenti ya glasi ionoma, ilitokea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashikana na madini ya jino kikemikali, haihitaji asidi kali, inavumilia unyevu na inatoa floridi polepole kuzunguka braketi. Ile iliyochanganywa na resini (plastiki ya meno inayoganda) ina nguvu zaidi. Mimi naona ingekuwa ndiyo ya kwanza kwa watoto wote, sielewi kwa nini haitumiki zaidi.

#23 Msaidizi wa Daktari
Kwa sababu braketi zinadondoka. Kila inayodondoka lazima jino lisafishwe gundi ya zamani, liandaliwe tena, libandikwe tena. Jino lililobandikwa mara tatu kwa gundi "ya upole" limesagwa kuliko lililobandikwa mara moja kwa ile ya kawaida. Na floridi yake hutoka kwa wingi mwanzoni, kisha inapungua.

#24 Fundi Saa
Inachajiwa tena ukipiga mswaki kwa dawa yenye floridi. Na hizo zenye resini hazidondoki hivyo unavyosema. Inategemea nani kabandika.

#25 Msaidizi wa Daktari
Kila kitu kinategemea nani kabandika, mkuu.

#26 Nuru ya Asubuhi
Mimi niliambiwa kuna njia mpya isiyo na asidi kabisa, wanapaka kimiminika kimoja tu hakioshwi, mara moja braketi.

#27 Pima Kwanza
Hiyo ina asidi ndani yake, #26. Kimiminika kimoja kinafanya kazi mbili, kinachubua na kubeba gundi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hakioshwi hatua zinapungua, mate hayapati nafasi ya kuharibu. Uchubuaji wake kwa kawaida ni wa kina kifupi kuliko jeli ya asilimia 37. Ni afadhali kwa enameli. Ila "isiyo na asidi" ni lugha ya muuzaji.

#28 Maji ya Kisima
Kuna kundi mmelisahau: sisi wenye meno ya madoa ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi kwenye maji ya utotoni. Enameli ya juu ya meno haya ni ngumu kwa asidi. Kwangu jeli ilikaa muda mrefu kuliko wa kawaida, na bado braketi zilikuwa zinaachia. Mwishoni daktari alikwangua uso kidogo sana kwanza ndipo zikashika.

#29 Kiti cha Mbele
Subiri. Floridi inalinda jino dhidi ya asidi, asidi inahitajika ili gundi ishike, gundi inashikilia chuma, chuma kinakusanya ukoga, ukoga unatoa asidi, tunapaka floridi. Nani alibuni mdomo huu?

#30 Fundi Saa
😂😂 #29 umefupisha uzi wote.

#31 Babake Salma
Nawashukuru nyote. Nimemsomea shemeji bandiko #8, amekasirika, amejisajili. Msimvamie.

#32 Shemeji Mwenyewe
Nimefika. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, na nina mashahidi. Kwa hiyo hiyo nadharia ya ukoga irudisheni kabatini.

#33 Msaidizi wa Daktari
Karibu, shemeji. Madoa yako yako upande gani wa ile fremu? Upande wa fizi au upande wa ncha ya jino?

#34 Shemeji Mwenyewe
Upande wa fizi zaidi. Jino la chonge la juu limezidi yote.

#35 Msaidizi wa Daktari
Upande wa fizi ndipo mswaki unaporuka, hata wa mtu anayepiga mara mbili kwa siku. Kuna kijiukanda kati ya braketi na fizi, mswaki wa kawaida unapita juu yake. Unahitaji ule mdogo wa kupenyeza chini ya waya.

#36 Shemeji Mwenyewe
Au ndipo jeli ya asidi ilipotiririkia.

#37 Bi Tabasamu
Hapo shemeji kapiga. Au ndipo gundi iliyozidi ilipobaki bila kufutwa. Gundi ya pembeni ina uso wa kukwaruza, ukoga unaipenda. Hiyo si kosa la mgonjwa wala la asidi.

#38 Pima Kwanza
Au madoa yalikuwepo kabla. Shemeji una picha ya meno kabla ya kufungwa?

#39 Shemeji Mwenyewe
Mtu mwenye meno yaliyopandana anacheka kwenye picha? Zote nimefunga mdomo.

#40 Msaidizi wa Daktari
Ndiyo maana, Babake Salma, kabla hajagusa kitu mwombe daktari apige picha za meno ya binti, yakiwa makavu. Doa changa halionekani jino likiwa na mate, linajitokeza likikaushwa kwa hewa. Akikuta madoa tayari yapo au fizi zinavuja damu, bora asubiri kidogo kuliko kubandika juu ya tatizo. Na mwulize atatumia gundi gani na atasagaje mwishoni. Asiyependa maswali hayo utamjua.

#41 Mama Watatu
Na madoa yakishatokea? Mwanangu amevuliwa vyuma, daktari alisema tusikimbilie vanishi kali ya floridi, nikashangaa maana ndiyo dawa tuliyoambiwa miaka yote.

#42 Fundi Saa
Amekushauri vizuri. Vanishi ile ina floridi sehemu 22,600 kwa milioni, dawa ya meno ya kawaida ya mtu mzima ina kama 1,450. Ukiipaka juu ya doa jipya la baada ya vyuma, tabaka la nje linaziba kwa haraka na weupe unabaki umefungiwa ndani. Dawa ya kawaida na mate, miezi kadhaa, madoa mengi hufifia. Yasipofifia kuna resini nyepesi inayopenyezwa ndani ya doa na kufanya lifanane na jino.

#43 Maji ya Kisima
Wengine wanapaka hivyo hivyo na hawajaharibu. Vanishi wakati vyuma bado viko mdomoni ni kinga nzuri, nakubaliana. Baada ya kuvuliwa madaktari wenyewe hawasemi kitu kimoja.

#44 Chuma Chakavu
Nimesoma yote na sijabadilika. Mpe mtoto zile trei za plastiki za kuvaa na kuvua. Hakuna gundi, hakuna asidi.

#45 Pima Kwanza
Kwa kesi nyingi trei hizo zinahitaji vibonge vya resini juu ya meno ili zishike. Vinabandikwa kwa asidi ileile. Na siku ya kuvitoa, keekee ileile.

#46 Chuma Chakavu
Sasa mnanifuata.

#47 Nuru ya Asubuhi
Jino lenye kofia ya kauri je? Mama yangu anataka kufungwa na ana mawili.

#48 Msaidizi wa Daktari
Asidi ya fosforiki peke yake haitoboi kauri. Hutumika ya haidrofloriki, kali sana, na hapo ndipo kinga ya fizi inakuwa si ya hiari, au daktari anaikwangua kauri kwa mchanga mwembamba kisha anapaka kiunganishi cha silani. Mara nyingine meno kama hayo ya nyuma yanavishwa tu mkanda, ule wa zamani wa #7.

#49 Mzee wa Nyaraka
Mkanda haufi.

#50 Mdomo Wazi
Na nani atamwambia mama kwamba baada ya kuvuliwa kuna waya mwembamba unaobandikwa nyuma ya meno ya mbele ili yasirudi? Asidi tena, gundi tena, na huo haukai miezi, unakaa miaka.

#51 Shemeji Mwenyewe
Huo ninao. Ila nyuma huko hakuna doa hata moja.

#52 Msaidizi wa Daktari
Wa juu au wa chini?

#53 Shemeji Mwenyewe
Chini.

#54 Msaidizi wa Daktari
Nyuma ya meno ya chini ya mbele ndipo mate yanapomwagika moja kwa moja. Madoa ya namna hiyo ni nadra pale. Pale utapata ugaga mgumu wa manjano, na ule unatoka kwa kukwanguliwa tu.

#55 Shemeji Mwenyewe
Jeli ya asidi waliipaka kwa nukta ndogondogo tu upande huo. Sisemi zaidi.